JUMA WA DAKOTA: KUITAFUTA NASABA KATIKA KARATASI ZA ARDHI NA MAKABURINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Amma baad.

 

Nimepewa nusu saa kabla ya futari, na najua saa hii tumbo halisikilizi mawaidha marefu. Nitajitahidi. Mada niliyopewa ni kuitafuta nasaba, yaani vipi mtu ataijua historia ya wazee wake ambao hawakuandika kitabu, hawakupigwa picha, na wajukuu wao wametawanyika. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Angalieni kiasi hicho. Hakusema tujifunze ili tujisifu kabila, maana Suratul Hujurat aya ya 13 imeshakata maneno: tumefanywa mataifa na makabila tujuane, na mbora ni mwenye taqwa. Basi tukubaliane kuwa leo hatutafuti masharifu wala masultani katika ukoo. Tunatafuta wakulima.

Nitawachukua mbali, kwenye theluji, niwaonyeshe mume na mke mmoja Waislamu ambao jina lao la ukoo ni Juma. Ndiyo, Juma. Hapa ukumbini akina Juma hawapungui kumi. Lakini hawa si Juma wa Majengo wala wa Kisauni. Hawa ni Juma wa North Dakota, Marekani, karibu na mpaka wa Canada.

Hassan Juma na mkewe Mary walitoka kijiji cha Bire, upande wa Rashaya, katika nchi ya Sham. Zama hizo Sham yote ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na leo sehemu hiyo imo Lebanoni. Mwaka 1899 walikata shauri kwenda Marekani. Waliuza vitu vyao, wakakopa dola 200 kwa kuweka shamba lao rehani, wakapanda meli mpaka Montreal kule Canada, kisha wakaingia Nebraska. Hawakuanza na kilimo. Walianza na uchuuzi, farasi mmoja na mkokoteni, wakizunguka majimbo wakiuza bidhaa nyumba kwa nyumba, kama wachuuzi wetu wa kanga na vyombo wanavyozunguka mitaani. Mwaka 1902 uchuuzi ukawafikisha magharibi ya North Dakota, karibu na kijiji cha Ross, kando ya reli ya Great Northern. Wakakuta watu wanamiminika kuchukua ardhi ya serikali.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati ambapo serikali ya Marekani iliwapa kazi waandishi wasio na ajira wazunguke wakiwahoji watu wa kawaida, mmoja wao alimfikia Bi Mary. Alikuwa mjane, mtu mzima. Akaulizwa kwa nini waliingia kwenye ukulima. Jibu lake mimi lilinifurahisha sana: alisema hakukuwa na sababu yoyote, waliona watu wanachukua ardhi, nao wakaona wajaribu. Basi! Sisi tunapohadithia wazee wetu twapenda kuwapa azma kubwa kubwa, fulani aliota ndoto, fulani aliona mbele. Mama wa watu anasema tulijaribu tu. Katika mwaka mmoja wakawa na farasi, plau, haro na mashine ya kupandia mbegu. Mwaka 1903 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Charles, na mamake alisema ndiye mtoto wa kwanza wa Kisyria kuzaliwa magharibi ya jimbo lile.

Alieleza pia kuhusu dini yao. Kabla hawajakuwa na msikiti walikuwa wakiswali majumbani, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mwezi wa Ramadhan walifunga, na ukiisha wakawa wanatembeleana nyumba kwa nyumba na kula. Sisi hapa twalalamika kwa saa kumi na tatu na jua la Mombasa. Ramadhan ya mwaka 1335 Hijria ilianza Juni 1917, na kule Ross jua la Juni huchukua kama saa 16 toka lichomoze mpaka litue, na imsaki ni kabla ya hapo. Na shamba halingoji.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Hawa watu tunawafuatiliaje?

KARATASI ZA ARDHI

Sheria iliyowapa ardhi ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Kwa ufupi ilisema hivi: ukiwa ni mkuu wa familia au umetimiza miaka 21, na wewe ni raia au umeapa kwamba unakusudia kuwa raia, chagua ekari 160 za ardhi ya serikali, lipa ada ndogo ya karani, kaa hapo miaka mitano, jenga nyumba, lima. Mwaka 1912 muda ulipunguzwa ukawa miaka mitatu. Mwisho wa muda unakwenda na mashahidi wawili wanaokujua, mnaapa, na ukikubaliwa unapewa hati miliki. Watu kama milioni moja na laki sita walipata ardhi kwa njia hii.

Hati yenyewe ni karatasi moja tu, haina maneno mengi: jina, tarehe na mahali ardhi ilipo. Idara ya ardhi ya serikali ya Marekani imezipiga picha hati hizi na kuziweka kwenye intaneti bure. Unaandika jina la ukoo na jimbo, inakuja. Na mahali ardhi ilipo pameelezwa kwa njia rahisi mno. Nchi waliigawanya kwa mraba: kila taunishipu ni maili sita kwa sita, ndani yake mna sekisheni 36, kila moja ekari 640, na robo ya sekisheni ndiyo zile ekari 160. Ukiisoma hati unaweza kuchukua ramani leo na kuweka kidole juu ya shamba lenyewe. Linganisha na kwetu, mpaka wa shamba ni mwembe wa mzee fulani, na mwembe ulishakatwa, na mzee keshafariki!

Lakini anayeishia kwenye hati ameishia kwenye ganda. Kokwa iko kwenye faili. Kila aliyeomba ardhi alifunguliwa faili, na mafaili hayo yamehifadhiwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Washington. Ndani mna ombi la kwanza, risiti, na fomu za ushahidi wa mwisho. Hizi fomu ni hazina. Mtu anaulizwa: jina lako nani, una umri gani, ulizaliwa wapi, una mke na watoto wangapi, ulihamia lini, nyumba yako ina ukubwa gani, imejengwa kwa nini, umechimba kisima, umelima ekari ngapi na msimu gani, uliwahi kuondoka, uliondoka kwa nini. Kisha mashahidi wawili wanaulizwa maswali yaleyale mbalimbali. Karani hakuwa akiandika historia. Alikuwa akihofia wizi wa ardhi ya serikali. Lakini kwa kuhofia wizi ametuandikia maisha ya watu ambao wasingeandikwa na yeyote.

Na waangalieni sana mashahidi. Mtu hupeleka shahidi jirani, shemeji, au mtu wa kijiji kimoja. Ross haikubaki na akina Juma peke yao, Waislamu wengine kutoka pande zilezile za Sham waliwafuata, wakachukua mashamba karibu karibu. Ukipata majina ya mashahidi umepata jamaa nzima. Mwenye kusoma ilmu ya hadithi hapa atatabasamu, maana kumbe ni isnadi: nani kasema, alikuwa wapi, alimwona kwa macho au alisikia.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni majina. Karani haujui ulimi wa Kiarabu, na mwenye jina haziandiki herufi za Kizungu. Utamkuta Hassan, utamkuta Hassen, utamkuta Hassin, na wote ni mtu mmoja. Kijiji cha Bire utakikuta kimeandikwa Byria, na Rashaya imekuwa kama Urusi! Mtu asiyejua atakwenda kutafuta babu zake kwa akina Putin. Mary nalo ni jina la kule, na kwa mwanamke wa Kiislamu wa Sham usisahau kutafuta Maryam. Umri nao una kisa chake. Bi Mary alipoulizwa ana miaka mingapi alisema hajui hasa, ila karatasi zake za uraia zinasema 69. Bibi zetu si ndivyo walivyo? Nilizaliwa mwaka wa njaa, na kitambulisho kinasema tarehe mosi Januari. Kwa hiyo tarehe usiiamini kwa kuwa tu imepigwa muhuri. Itafutie mwenzake.

Tatizo la pili ni mipaka. Akina Juma walifika 1902, lakini kaunti ya Mountrail, ambamo Ross imo, iliundwa 1909. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya kaunti ya Ward, makao yake mji wa Minot. Ukitafuta karatasi za mwanzo Mountrail utaambiwa hakuna, na kweli hakuna, ziko kwingine. Nyinyi ambao hati za wazee wenu zimeandikwa wilaya ya Malindi mnanielewa, wilaya imekwenda na kaunti ni Kilifi.

Katika faili hilo kuna karatasi moja ambayo kwa Mwislamu si karatasi nyepesi. Nayo ni kiapo cha kukusudia uraia. Aliyetoka katika dola ya Uthmaniya alitakiwa aape kwamba anakana utii wake kwa Sultani wa Uturuki. Sasa mnajua Sultani wa Uturuki mwaka 1902 alikuwa nani. Alikuwa Abdulhamid wa Pili, na Waislamu wengi wa dunia wakimhesabu kuwa ndiye Khalifa, na hata katika minbari nyingi akiombewa dua siku ya Ijumaa. Mkulima anasimama mbele ya karani wa Kizungu, kofia mkononi, anaambiwa ili upate ekari 160 mkane huyu. Wako watakaomhukumu haraka. Mimi siharakishi. Mtu aliyeikimbia kodi na jeshi la Sultani, mwenye deni la dola 200 na shamba lake la nyumbani liko rehani, alikana utii wa serikali, hakumkana Mola wake. Na dalili ni kwamba aliendelea kufunga na kuswali penye theluji ambapo hakuna wa kumwona.

Na kukana huko hakukuwapa usalama. Sheria ya uraia ya Marekani zama hizo iliruhusu watu weupe na watu wa asili ya Kiafrika tu. Je, Msyria ni mweupe? Kuanzia mwaka 1909 jambo hili likazuka mahakamani, mahakimu wengine wanasema ndiyo, wengine la. Na ushahidi wa mwisho wa shamba ulitaka uwe umeshakuwa raia kamili, kiapo cha kukusudia hakikutosha. Kwa hiyo mtu amelima miaka mitano, amejenga, amezika mtoto pale pengine, halafu shamba lake linaning'inia kwenye swali la rangi ya ngozi yake. Mpaka mwaka 1915 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Msyria mmoja aitwaye Dow, ndipo ilipoamua kwamba Wasyria wanahesabiwa weupe. Mkiona faili la mtu wa Sham lina pengo la miaka kati ya ombi na hati, sababu mojawapo ya kuangalia ni hiyo.

Na tusiwe na jicho moja. Ile iliyoitwa ardhi ya serikali ilikuwa ya watu. Sehemu ya kaunti hiyohiyo ya Mountrail ni ya Wahindi Wekundu wa Fort Berthold, makabila ya Mandan, Hidatsa na Arikara, ambao walipunguziwa nchi yao mara baada ya mara. Kijana wa Pwani hahitaji kufunzwa jambo hili. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta hapa kwetu sheria ya hati za ardhi, kila mwenye ardhi katika ukanda wa Pwani aje adai mbele ya mrekodi wa hati. Aliyejua kusoma na mwenye karatasi alidai. Asiyedai, ardhi yake ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wa wasiodai ndio wanaoitwa maskwota mpaka leo katika mashamba waliyozikwa babu zao. Kwa hiyo rekodi ya ardhi humtaja aliyepewa, aghlabu haimtaji aliyenyang'anywa. Isomeni mkijua hivyo.

MAKABURI

Karatasi ya ardhi hutuonyesha mtu akiwa hai na nguvu zake. Kaburi hutuonyesha ukoo.

Kuna watu watanishika hapa, watasema mambo ya makaburi ni bid'a. Ndugu zangu, tutofautishe. Kujenga juu ya kaburi na kulipaka chokaa kumekatazwa, hadithi iko katika Sahihi Muslim. Lakini kuweka alama ni jambo lingine. Abu Dawud amepokea kwamba alipozikwa Uthman bin Madh'un (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimtaka mtu alete jiwe, yule mtu akashindwa kulibeba. Basi Mtume mwenyewe akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba, akaliweka upande wa kichwani, akaeleza kuwa ni alama ya kaburi la ndugu yake, apate kuwazika karibu yake watakaokufa katika jamaa zake. Sikilizeni hayo maneno ya mwisho. Makaburi yamepangwa kijamaa, na alama ni ya kujuana. Mtafuta nasaba anategemea hayohayo mawili.

Waislamu wa Ross waliweka makaburi yao wenyewe nje ya kijiji, na mwaka 1929 wakajenga msikiti papo hapo. Hutajwa kuwa miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa Marekani iliyojengwa hasa kwa ajili ya kuswalia. Msifikirie kuba na zulia. Ulikuwa jengo la chini, nusu limo ndani ya ardhi kama ghala, kwa ajili ya baridi. Tena angalieni mwaka wenyewe. 1929 ndio mwaka uchumi wa Marekani ulipoanguka, kisha ikafuata miaka ya ukame ambapo upepo ulichukua udongo wa mashamba. Wengi wakahama. Watoto waliobaki wakaoa na kuolewa katika majirani Wakristo, Kiarabu kikapotea, waswalihina wakapungua, na katika miaka ya 1970 msikiti uliokuwa umeachwa ukabomolewa.

Makaburi hayakubomolewa. Hapo ndipo penye ibra ya mtafutaji. Watu waliacha kuswali pale lakini hawakuacha kuzika, na vizazi vya wale wa mwanzo wakawa wanarudi kuyaangalia mawe. Mwaka 2005, kwa juhudi za wajukuu hao, pakajengwa msikiti mwingine mdogo mahali palepale, una kuba na minara midogo. Aendaye leo anaupata kando ya makaburi, katikati ya mashamba ya ngano.

Jiwe la kaburi tunalisomaje? Jina na tarehe kila mtu husoma. Soma na vingine. Lugha, je, ni Kiarabu, ni Kiingereza, au zote mbili? Kizazi kilichoandika Kiarabu na kilichokiacha hukaa safu mbili tofauti, unaweza kuona kwa macho lugha ilipofia. Alama, je, pana mwezi na nyota? Jina la kwanza la baba ni la Kiislamu na la mtoto ni Charles? Mawe madogo ni ya watoto, hesabu ni mangapi na ya miaka gani, maana mtoto aliyekufa kati ya sensa mbili huenda hana karatasi nyingine yoyote. Nani kalala kando ya nani. Mke akiwa mbali na mumewe, uliza. Kisha chora ramani ya makaburi yote, usinakili lile la babu yako tu ukaondoka.

Baada ya hapo linganisha. Tarehe ya jiweni na ya faili la ardhi, faili la ardhi na sensa, sensa na simulizi. Bi Mary ni mfano mzuri wa kwa nini tulinganishe. Katika hati ya shamba hawezi kuwa mwombaji, kwa sababu sheria ilimruhusu mwanamke asiye na mume, au mjane, au aliye mkuu wa familia. Mke aliye na mume hakuruhusiwa. Yeye aliyesafiri kwa mkokoteni, aliyezaa nyikani, kwenye karatasi ni jibu la swali moja: una mke? Ndiyo. Angekuwa mtafutaji ameishia hapo, Bi Mary angekuwa neno moja. Tunampata kwa kuwa alihojiwa, na kwa kuwa kuna karatasi za uraia. Na pahali pengine pa kumtafuta mwanamke ni faili la mirathi katika mahakama ya kaunti, kwa sababu mtu akifa mahakama hutaka orodha ya warithi wote, mke, wana na mabinti, umri wao na wanakoishi.

Hapa ndipo nilipotaka tufike, na nitasema polepole.

Orodha ya warithi. Kwetu mzee akifa, tunakwenda kwa chifu kuchukua barua, tunachukua cheti cha kifo, tunafanya search ofisi ya ardhi, kisha tunakwenda kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imewapa Makadhi mamlaka ya mirathi pale wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali. Barua ya chifu huandikwa na chifu, lakini majina anapewa na nani? Na sisi. Na mara ngapi tumesikia dada aliyeolewa Lamu au Tanga, au mtoto wa mke mdogo, jina lake "limesahauliwa"? Suratun Nisai aya ya 7 inasema wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, kiwe kidogo ama kingi. Aya ya 11 na ya 12 zimetaja mafungu kwa hesabu. Ya 14 imetaja moto kwa mwenye kuivuka mipaka hiyo. Tunaifunga Ramadhan yote na kuisoma Qur'ani khitma, kisha tunapeleka kwa chifu orodha yenye upungufu. Karani wa North Dakota, ambaye hakuijua Suratun Nisai, alimuuliza kila mtu kwa kiapo ana watoto wangapi.

Kwa hivyo kazi hii ya nasaba si ya kupitisha wakati. Kijana aliyeandika majina ya shangazi zake wote, na bibi zake wote, na watoto wao, ameshaweka ushahidi. Ikifika siku ya barua, hakuna wa kumsahau mtu.

Na jambo la kufa bila karatasi. Sisi twaharakisha kuzika, na ndivyo Sunna. Lakini mtu akifia nyumbani, wengi hatupigi ripoti kwa naibu wa chifu, hatuchukui kibali cha mazishi, tunazika Adhuhuri na habari imekwisha. Miaka mitatu baadaye yatakiwa cheti cha kifo ili mirathi iende, watu wanaanza kutafuta mashahidi wa mazishi. Kibali ni kazi ya asubuhi moja, mwenzenu mmoja anakwenda huku wengine wanachimba. Haimcheleweshi maiti.

Nimalizie na kazi ambayo ningependa tuianze hapa, na mwenye kiti ameshanikubalia. Baada ya Idi, Jumamosi ya kwanza, tutakutana makaburini saa mbili asubuhi kwa idhini ya kamati ya msikiti. Kila kikundi cha vijana wanne kitachukua safu moja. Leteni daftari la mistari, penseli badala ya kalamu maana kalamu hutoka wino kwa jasho, na futi ya kupimia. Msioshe jiwe kwa dawa wala kulikwaruza kwa msumari ili lisomeke, maji na brashi laini yatosha, na mwangaza wa asubuhi wa ubavuni huonyesha herufi zilizofutika kuliko jua la saa sita. Msikanyage wala kukaa juu ya makaburi. Andikeni kama ilivyoandikwa, hata kama jina mwaliona limekosewa. Kwa makaburi yasiyo na jiwe, ambayo ndiyo mengi, tutakuwa na wazee watatu wa mtaa watakaotembea nasi na kutaja wanayoyajua, na mmoja wenu ataandika nani kasema.

Kabla ya siku hiyo, kila mtu aende nyumbani leo baada ya kufuturu amuulize mkubwa aliyebaki: mamake bibi aliitwa nani? Si babu, bibi. Mwaandike.

Muadhini ameshasimama. Maswali nitayapokea baada ya tarawehe pale barazani, inshallah. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.